Homofoni za Kiingereza na mwandishi wa Kiswahili

Homofoni ni maneno mawili au zaidi yanayotamkwa kwa namna moja huku yakitofautiana kimaana na, aghalabu, kitahajia. Kiingereza kimejaa maneno ya aina hii. Kiswahili Sanifu kina machache mno, kwa kuwa tahajia yake hufuata matamshi. Neno "kaa" laweza kuwa kipande cha kuni kiwakacho bila miali, kiumbe wa pwani mwenye magando, au amri ya kuketi, lakini mkono huliandika vilevile kila mara. Hizo ni homonimu, na hakuna akoseaye tahajia yake.

Hapo ndipo taabu inapoanzia. Msalato, kaskazini mwa jiji la Dodoma kando ya barabara iendayo Arusha, pana shule ya sekondari ya wasichana inayopokea wanafunzi kutoka mikoa mbalimbali. Mwanafunzi aliyetoka shule ya msingi ya umma, hapo na kwingineko Tanzania Bara, amezoea kuamini sikio: kisikikacho ndicho kiandikwacho. Aingiapo kidato cha kwanza, karibu masomo yote hugeuka Kiingereza, na kanuni ile iliyomfaa miaka yote humsaliti. Katika Biolojia, "ileum" ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ilhali "ilium" ni mfupa wa nyonga, na Waingereza wenyewe huyatamka sawasawa. Mtahini hasomi alichokusudia mtahiniwa, husoma alichoandika. Herufi moja huhamisha chakula kutoka utumboni hadi nyongani.

Ni muhimu kutenganisha makundi mawili ambayo walimu wengi huyachanganya. Kundi la kwanza ni la homofoni halisi, zile ambazo hata mzawa wa Kiingereza hazitofautishi kwa sikio: "their" na "there", "write" na "right", "vein" na "vain", "weather" na "whether". Kundi la pili huzaliwa kinywani mwa msemaji. Kiswahili kina irabu tano tu. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu takriban 20, ukihesabu na irabu unganifu. Kwa hiyo "ship" na "sheep", "live" na "leave", "full" na "fool" hukutana, na "hat", "hut", "heart" na hata "hurt" huweza kuangukia kwenye "a" moja. Msemaji ambaye lugha yake ya kwanza haitenganishi "l" na "r" huongeza "light" na "right", kama vile baadhi ya watu wanavyochanganya "kula" na "kura". Naye asiyetamka "dh" huandika "zana" akikusudia "dhana", na adondoshaye "h" huifanya "hajali" kuwa "ajali". Kundi hili la pili hutibiwa kwa mazoezi ya kusikiliza na kutamka. Kundi la kwanza halitibiki kwa sikio hata kidogo. Dawa yake ni jicho.

Jicho nalo husaidiwa na historia. William Caxton alipopeleka mashine ya kuchapa Uingereza mwaka 1476, matamshi ya irabu ndefu yalikuwa katikati ya mabadiliko makubwa. Tahajia ikaganda, ulimi ukaendelea na safari. "Meat" na "meet" zilitofautiana zamani. Leo tofauti imebaki kwenye karatasi tu. Herufi "w" katika "two", isiyosikika, bado husikika katika "twelve" na "twice", na anayelijua hilo hataandika "too" anapohesabu.

Mfano mtamu zaidi ni ule unaoonekana kwenye mabango ya maduka ya daftari na kalamu katika miji mingi ya Tanzania: "stationary", yaani kitu kisichosogea, badala ya "stationery". Kosa hilo lina udhuru wa kihistoria. Maneno hayo ni ndugu, kwani "stationer" alikuwa muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu, tofauti na mchuuzi azungukaye. Mwenye kukumbuka kwamba "stationer" huishia na "er" hatapotea.

Kwa mfasiri, hatari ni kubwa zaidi, maana kikagua tahajia cha kompyuta mara nyingi hukubali neno lolote lililomo kamusini. "Council" ni halmashauri au baraza. "Counsel" ni shauri, au wakili. "Principal" katika mkataba wa mkopo ni kiasi cha msingi kilichokopwa, na chuoni ni mkuu. "Principle" ni kanuni. Anayefasiri kutoka kwenye sauti iliyorekodiwa hana herufi za kumwongoza, ana muktadha tu.

Kwa sababu hiyohiyo, imla ya neno mojamoja haifai kupima homofoni halisi: mwalimu akisema "vein" peke yake, aliyeandika "vain" hajakosea. Imla na iwe ya sentensi nzima. Isitoshe, ni afadhali neno moja lizoeleke kwanza katika matumizi yake, na mwenzake afuate baada ya wiki kadhaa. Maneno yafundishwayo sambamba siku moja huingia kichwani yakiwa yameshikana mikono, na kuyatenganisha baadaye ni kazi mpya.