Simba wa Filamu na Simbamwene wa Morogoro

Mwaka 1994 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa filamu ya katuni iitwayo The Lion King, na watoto wa mabara yote wakawa wanatamka Kiswahili pasi na kujua kuwa ni Kiswahili. Shujaa ni Simba, nyani mwenye hekima ni Rafiki, ngiri mzito wa akili ni Pumbaa, na fisi jike ni Shenzi. Watengenezaji walizuru Kenya kutazama nyika na wanyama wake, wakarudi na mandhari na majina. Watu hawakuwachukua. Katika Afrika ile hamna kijiji, hamna shamba, wala hamna wayo wa binadamu. Hata ilipoamuliwa kuwa filamu itiwe sauti za lugha ya Kiafrika, iliyochaguliwa ilikuwa Kizulu, si hiyo iliyotoa majina.

Lawama hizo ni za haki. Lakini jina la yule fisi halikubuniwa Marekani. Mshenzi ni neno la pwani na visiwani, ambalo waungwana walimwita mtu wa bara, wakimhesabu kuwa hana ustaarabu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ililibeba neno hilo pamoja na nguo na shanga, ikapita nalo chini ya milima ya Uluguru.

Na hapo chini ya milima palikuwa na nini? Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871, akienda kumtafuta Livingstone. Karibu na ulipo mji wa Morogoro wa leo aliukuta mji wa Simbamwene, wenye ukuta wa mawe, minara pembeni na milango minne ya mbao iliyonakshiwa. Nakshi zilikuwa nzuri hata akadhani milango ile ilichongwa Unguja au pwani. Kisha akakiri kwamba yamkini ni kazi ya mafundi wa huko huko. Shaka yake ndiyo shaka ya neno mshenzi: uzuri ukionekana bara, hutafutiwa mwenyewe kwengineko.

Mji ule ulianzishwa na Kisabengo, na baada yake akatawala binti yake, aliyejulikana kwa jina hilo hilo la Simbamwene, akiidai misafara hongo. Hakuwa malaika, na baba yake alijijengea nguvu kwa kuteka watu. Lakini alikuwa mtawala, tena mwanamke. Wala jambo hilo halikuwa geni milimani, kwani Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi zao zimeshikwa na koo hizo. Katika filamu, Mufasa akishakufa, si Sarabi wala Nala anayetawala; ufalme hauponi mpaka dume arejee.

Basi kasoro ya katuni ile haikuanzia kwenye meza ya mchoraji. Yeye alilikuta neno tayari limekwisha kumtoa mtu wa bara katika hesabu ya watu, akamvika fisi. Atakayetaka kuwachorea watoto simba mwengine anaweza kuanzia Morogoro, penye ukuta, milango na malkia; ila kwanza wenye lugha waliache lile neno.