Kikulacho Ki Nguoni: Stanley Prusiner na Maradhi ya Ubongo

Wahenga walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii aghalabu hutajwa katika habari za hiana ya jamaa na rafiki. Walakini karne ya ishirini ilionyesha kwamba ina ukweli hata ndani ya ubongo wa mwanadamu. Aliyelishikilia jambo hilo mpaka likakubaliwa ni Stanley Prusiner, Mmarekani aliyezaliwa Des Moines mwaka 1942.

Mwaka 1972 Prusiner alikuwa tabibu kijana katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Huko alimwuguza mwanamke aliyekuwa akipotewa na kumbukumbu na kushindwa na kazi zake za kila siku. Maradhi yake yalikuwa Creutzfeldt-Jakob, ambayo huutoboa ubongo vitundu mithili ya sifongo, na dawa haikuwapo. Wataalamu wengi walidhani kwamba chanzo chake ni virusi vitendavyo kazi polepole, ingawa hapana aliyepata kuviona.

Prusiner alianza kukitafuta chanzo hicho katika skrepi, ugonjwa wa kondoo ulio wa jamii moja na huo. Kazi ilikuwa nzito: kipimo kimoja kilihitaji panya 60 na kungoja mwaka mzima. Alipotumia hamsta, ambao huugua upesi zaidi, wanyama wanne na siku 70 hivi zilitosha. Kila alipozidi kukisafisha kiini cha ugonjwa alikuta protini. Asidi za urithi, ambazo virusi haviwezi kuzaana bila hizo, hakuziona. Kabla yake, katika miaka ya 1960, Tikvah Alper wa London alikwisha onyesha kwamba mionzi iharibuyo asidi hizo haikukidhuru kiini cha skrepi. Basi mwaka 1982 Prusiner alitangaza kwamba kiambukizacho ni protini, akakiita prioni.

Tangazo hilo lilipingwa vikali. Kitu kisicho na maagizo ya urithi kitazaaje mfano wake? Swali lilikuwa la haki, na mwaka 1985 lilizidi uzito, kwani jeni ya protini hiyo ilionekana kwa wanyama wagonjwa na wazima sawasawa. Kumbe jibu lilikuwa humo humo. Protini hiyo ni mali ya mwili wenyewe, nayo haidhuru mpaka ikunjike vibaya. Iliyopotoka huipotosha jirani yake, na jirani humpotosha wa tatu, hata seli za ubongo zikafa. Mwaka 1993 maabara ya Charles Weissmann, Zurich, iliwatia skrepi panya walioondolewa jeni hiyo, wasiugue. Adui alikosa mwenyeji wa kumpokea.

Mwaka 1996 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba yamkini ugonjwa wa namna hii ulikuwa umetoka kwa ng'ombe ukawafikia watu. Mwaka uliofuata Prusiner alipewa Tuzo ya Nobel.

Wapinzani wake wasihesabiwe wajinga. Maswali yao ndiyo yaliyodai ushahidi, na bila ushahidi prioni ingalibaki jina tupu. Maradhi ya Creutzfeldt-Jakob hayajapata dawa hata leo. Bali ajuaye mahali adui alipo hapigi gizani, na hilo si jambo dogo kwa mgonjwa ajaye.