Desemba ya Watoto wa Nakuru

Juu ya mawe ya Hyrax Hill, kilima kilicho kando ya barabara ya kutoka Nakuru kwenda Nairobi, kuna safu za mashimo yaliyochongwa kwa mpangilio. Ni mabao ya mchezo wa bao. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba kilimani hapo mwaka 1937 na 1938, akafukua makaburi, vigae na mabaki ya makao ya watu waliopishana kwa maelfu ya miaka. Anayedhani kwamba michezo ya nyumbani ililetwa Bonde la Ufa na likizo za shule, na apande akayaone mabao hayo.

Michezo ni ya kale. Kilicho kichanga ni sikukuu zenyewe. Krismasi ya Nakuru, ambayo tunaizungumzia kana kwamba ilikuwapo tangu volkano ya Menengai ilipolipuka, haina umri mkubwa hivyo. Imeundwa na reli, ngano na kalenda ya shule, vitu vilivyoletwa na wakubwa kwa shughuli zao, kisha watoto wakavigeuza kuwa vyao.

Kabla ya hapo mwaka ulifuata mvua, mavuno na jando. Wakalenjin na Wakikuyu walikuwa na ngoma na karamu zao, na watoto wadogo walipata fungu lao jioni, kando ya moto, kwa hadithi na vitendawili. Mchana vitendawili havikutegwa, kwani mchana ulikuwa wa kazi.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901. Mwaka 1904 Nakuru ikatangazwa kuwa mji, na mwaka huohuo mkataba ukawaondoa Wamaasai kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa na kuwapeleka Laikipia na kusini. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukawaondoa na Laikipia pia. Tusifiche jambo hilo: karamu za wengine ziliandaliwa juu ya malisho ya watu waliofukuzwa. Wakaja masetla, wakaja Wahindi na maduka yao, wakaja Wakikuyu waliolima na kufuga kama maskwota huko Njoro, Molo na Subukia, wakaja Wajaluo na Waluhya wa reli. Kwa wengi wao nyumbani kulikuwa kwingine. Hivyo sikukuu ikawa kwanza kabisa safari: mtoto alijua Krismasi imefika alipoona mizigo ikifungwa kwa kamba.

Kisha ngano. Setla Lord Delamere alipata ardhi Njoro mwaka 1903, akapoteza kondoo kwa maradhi na ngano kwa ugonjwa wa kutu, lakini hakuacha. Mwaka 1908 ikaanzishwa kampuni ya Unga ili kusaga mavuno hayo. Vibarua walioivuna ngano walipewa posho ya mahindi. Unga mweupe ulikuwa wa mkate wa bwana shamba. Wahindi nao walikuwa na ufundi wa chapati. Mambo hayo mawili yalipokutana jikoni mwa Mwafrika mwenye mshahara mdogo, kikazaliwa chakula cha sikukuu. Unga ulikuwa ghali, mafuta yalikuwa ghali, na kazi yenyewe ndefu, kwa hiyo hakuna aliyepika chapati bila sababu. Hata katika miaka ya 1980, kulikuwa na watoto wengi waliozila Krismasi tu, kisha wakasubiri miezi kumi na miwili.

Hapo ndipo mchezo ulipoingia. Kukanda unga wa familia nzima, pamoja na wageni wasiotarajiwa, si kazi ya mtu mmoja, na mama hana budi kuita wasaidizi. Mkubwa anasukuma chapati, na kama hakuna kifaa, chupa ya soda inatosha. Wa kati anapaka mafuta. Mdogo kabisa, ambaye angeharibu kazi akiachwa huru, anapewa kadonge kake. Anakaponda, anakadondosha chini, anakaokota mama akiwa amegeuka. Kinachotokea ni kichapati cha rangi ya vidole vyake, chenye umbo la ramani ya nchi isiyojulikana. Hukaangwa mwisho, na mwenyewe hakubali kukibadilisha hata kwa paja la kuku. Kwangu mimi hiyo ndiyo mila hasa ya sikukuu ya Bonde la Ufa, kuliko nyimbo zote za Boney M. zinazolia madukani.

Mti wa Krismasi nao una historia yake. Mti wa saiprasi uliotoka Mexico ulipandwa kwa wingi katika misitu ya serikali na nyua za mashamba tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mtoto wa Molo au Elburgon hakuhitaji kununua mti. Alikata tawi uani, akalipamba kwa pamba na karatasi za peremende. Nje kulikuwa na michezo ya brikicho, kati na bano, na nguo mpya iliyonunuliwa kubwa makusudi ili ifae hadi mwaka mwingine.

Pasaka ilikuwa na gari. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953, yalikaa kwa miongo mingi katika majira ya Pasaka, na familia zilijipanga kandokando ya barabara za Bonde la Ufa kusubiri vumbi. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Wiki zilizofuata kila kichochoro kilikuwa na madereva wa magari ya waya. Mashindano ya dunia yaliporudi Naivasha mwaka 2021, vumbi lilipata kizazi kipya. Idi nayo ina watoto wake katika mtaa wa Bondeni, wanaozunguka nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idi, na Diwali ina fataki zake. Jirani wa dini nyingine hualikwa, au hujialika.

Lakini Desemba haikuwa ya watoto kila mara. Miezi ya mwisho ya 1952, baada ya hali ya hatari kutangazwa, maskwota Wakikuyu walianza kusombwa na watoto wao kutoka mashamba ya Bonde la Ufa. Baada ya uhuru wa Desemba 1963, wengi walinunua mashamba au kugawiwa, na Bahati na Subukia zikawa ushago wa kurudiwa. Kisha zikaja chaguzi: 29 Desemba 1992, 29 Desemba 1997, 27 Desemba 2002, 27 Desemba 2007. Isipokuwa ule wa 2002, kila mmoja ulitanguliwa au kufuatwa na damu katika Bonde la Ufa. Mwaka Mpya wa 2008 uliwakuta maelfu wakikimbia, na punde uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukawa mji wa mahema ambamo watoto walicheza mipira ya matambara kati ya kamba.

Katiba ya 2010 iliupeleka uchaguzi Agosti. Wanasheria huzungumzia mengine zaidi katika katiba hiyo. Mimi nahesabu kipengele hicho kuwa zawadi kubwa kuliko zote ambazo watoto wa Nakuru wamewahi kupewa. Desemba 2021 mji ulipandishwa kuwa jiji, na treni ya abiria ya Kisumu ikapita tena, imejaa watu wa Krismasi.

Aliyebaki kuidai Desemba ni mzazi mwenyewe, kwa masomo ya ziada. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inayakataza wakati wa likizo, lakini watoto bado wanapelekwa asubuhi na mapema, madaftari mkononi. Mzazi mwenzangu, mwache mwanao nyumbani mwaka huu, na unapokanda unga usisahau kadonge kake.