Mkondo wa Maji na Mkondo wa Imani

Katikati ya karne ya kumi na tisa wataalamu wa jiografia wa Ulaya walisumbuliwa sana na swali moja, nalo ni hili: mto Nili huanzia wapi? Jawabu lilitafutwa katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, na watu waliolitafuta walikuwa hodari, wavumilivu na wasomi. Hata hivyo, historia ya safari zao si historia ya mambo yaliyovumbuliwa tu. Ni historia pia ya imani zilizoachwa na ya imani zilizokataa kuachwa. Na sehemu hii ya pili ina mafunzo mengi kuliko ile ya kwanza.

Mwaka wa 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji, kisha wakaenda kwa mitumbwi mpaka Uvira, karibu na ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Walitaka kujua habari za mto Ruzizi. Kama mto huo ungalitoka ziwani na kwenda kaskazini, ziwa lingaliweza kuwa chimbuko la Nili. Wenyeji waliwaambia kwamba mto huingia ziwani. Wageni hawakufika mahali penyewe, lakini Burton aliyapokea maneno hayo na kuyaandika. Mwaka huo huo Speke, akiwa mbali na mwenzake, aliliona ziwa la Nyanza, akaliita kwa jina la malkia wake Victoria, akasema kwamba chimbuko la Nili ni hilo. Urafiki wao ukavunjika. Septemba 1864 Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, siku moja kabla ya mkutano wa Bath ambako mashindano yao yalitazamiwa kuamuliwa kwa hoja. Mwaka huo Burton alidai kwamba Ruzizi hutoka ziwani. Neno aliloambiwa na watu wanaokunywa maji ya mto huo aliliweka kando wakati ambapo lilikuwa likimfaa mpinzani wake. Elimu, basi, yaweza kwenda mbele na kurudi nyuma ndani ya kichwa kimoja.

David Livingstone aliingia katika mabishano haya kwa safari aliyoianza mwaka wa 1866. Yeye aliamini kwamba chimbuko la Nili liko kusini zaidi ya walikodhania wengine, na kwamba mto Lualaba ndio Nili yenyewe. Imani yake ilitiwa nguvu na habari kongwe. Herodotus, mwanahistoria wa Kiyunani wa karne ya tano kabla ya Kristo, alisimulia aliyoyasikia Misri juu ya chemchemi zilizo kati ya vilima viwili, ambazo nusu ya maji yake huenda kaskazini na nusu kusini. Ajabu ni kwamba Herodotus mwenyewe aliona kuwa msimulizi wake anafanya mzaha. Livingstone aliposikia habari za chemchemi nne zilizo karibu na kilima, aliona kwamba ya kale yamethibitika. Kadhalika alikuwa na nia njema: alitumaini kwamba sifa ya kuvumbua chimbuko la Nili ingeipa sauti yake uzito dhidi ya biashara ya watumwa.

Mtu huyu hakuwa mkaidi katika kila jambo. Aliwahi kudhani kwamba maji ya Tanganyika hutoka kwenda kaskazini. Novemba 1871, baada ya Henry Stanley kumkuta Ujiji, wawili hao walikwenda kwa mtumbwi mpaka Ruzizi, wakauona mto ukiingia ziwani kama wenyeji walivyosema miaka kumi na mitatu nyuma. Livingstone aliiacha dhana hiyo mara moja.

Juu ya Lualaba mambo yalikuwa mengine. Alikuwa amefika Nyangwe, ukingoni mwa mto huo, mwezi wa Machi 1871, akakosa mitumbwi ya kuufuata. Mwaka wa 1872 aliandika katika kumbukumbu zake kwamba anaogopa huenda mto aliokuwa akiufuata ni Kongo. Shaka, basi, ilimjia. Lakini alipoondoka Tabora Agosti 1872 hakuelekea Nyangwe, ambako mto ungaliweza kumjibu. Alielekea kusini kutafuta chemchemi. Masika yalimkuta katika mabwawa ya Bangweulu, naye akiwa mgonjwa. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake hapo, wakauchukua mwili mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mingi.

Mwaka wa 1874 Verney Cameron alifika Nyangwe na kupima kimo cha mahali. Akaona kwamba Lualaba hapo iko chini kuliko Nili ilivyo Gondokoro. Na maji hayapandi mlima. Stanley aliufuata mto huo tangu mwisho wa 1876, na Agosti 1877 akafika Boma, karibu na bahari ya Atlantiki. Lualaba ni Kongo. Tena maji ya Tanganyika yenyewe hutoka kwa mto Lukuga na kuiendea Lualaba hiyo.

Wahenga husema, penye nia ipo njia. Livingstone alikuwa na nia kuliko wengi, na nia hiyo ndiyo iliyomzuia kuiona njia. Dhana ya Ruzizi aliiacha kwa urahisi kwa sababu hakuwa ameiwekea kitu. Kuikosa hakukumpunguzia chochote. Dhana ya Lualaba alikuwa ameitwika miaka sita ya mashaka, jina lake, na tumaini la kuwafaa wanaoonewa. Kuiacha kungalikuwa kama kuyatupa yote hayo, ijapokuwa hayakuwa kitu kimoja: ubaya wa biashara ya watumwa haukuhitaji ushahidi wa chemchemi. Mwenye kutaka kukua katika elimu hana budi kuitenga nia yake njema na dhana aliyoifunga nayo, ili dhana ikianguka nia ibaki imesimama. Na dhana ipasayo kupimwa kwanza ni ile ambayo mwenyewe angeumia zaidi akiipoteza.