Bolti Haziishi Mfukoni

Kifaa cha maana zaidi katika gemu ya S.T.A.L.K.E.R.: Shadow of Chernobyl ni bolti. Sifanyi mzaha. Unaitoa mfukoni, unairusha mbele yako, unangoja. Ikitua salama, unapiga hatua. Hewa ikiidaka na kuirusha kando, basi umejua hapo pana mtego usioonekana, na lau ungeingia wewe ungetawanyika vipande. Bolti haziishi. Risasi ndizo huisha, na bunduki yenyewe hukwama vita vikiwa vimechacha.

Gemu hii ilitoka Machi 2007, mwaka uleule wa Halo 3 na Call of Duty 4. Katika hizo mbili wewe ndiye bwana harusi: adui hatokei mpaka ufike, mlipuko unakusubiri upite. Huku, wapi. Vijana wa GSC Game World, kampuni ya Kyiv, Ukraine, walitunga mfumo walioupa jina A-Life, ambamo wanyama na watu wa Eneo huishi maisha yao hata usipowaona. Mbwa wanawinda. Majambazi wanavamia kambi. Unarudi mahali ulipoacha rafiki na kukuta maiti, na hakuna anayekueleza nini kilitokea. Usiku, wanaume waliochoka hukaa kando ya moto, mmoja anapiga gita, mwingine anasimulia kichekesho kwa lugha usiyoielewa, na bado unakaa pale dakika kumi nzima usifanye kitu. Mimi naamini gemu iko hapo, si kwenye risasi.

Mwanzoni walikuwa wanapanga hadithi ya sayari za mbali. Halafu wakakumbuka kwamba sayari ngeni iko mwendo wa saa mbili hivi kutoka Kyiv. Kinu namba 4 cha Chernobyl kililipuka tarehe 26 Aprili 1986, na mji wa Pripyat, wenye watu karibu 50,000, ukahamishwa kesho yake. Gurudumu la bembea la watoto pale mjini lilikuwa lifunguliwe Mei Mosi. Watengenezaji waliingia Eneo lenyewe na kamera, wakapiga picha kuta, viwanda na vyumba vya ghorofa, kisha wakavijenga upya kwenye kompyuta. Juu yake wakaweka mawazo ya riwaya ya ndugu Strugatsky ya 1972 na filamu ya Tarkovsky ya 1979, kazi zilizowazia eneo lililokatazwa miaka mingi kabla ya ajali. Hata bolti zina asili yake humo.

Ilitangazwa 2001, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Toleo bovu likavuja 2003. Mashabiki wa Kirusi wakaibatiza Zhdalker, wakilichezea neno lao la kungoja. Ilipotoka ilikuwa na hitilafu kibao, na mengi yaliyoahidiwa yalikuwa yamekatwa. Basi mashabiki wakaifungua wenyewe, wakarudisha yaliyokatwa, wakaongeza yao. Hadi leo kuna watu wanaocheza matoleo ya mashabiki, kama Anomaly, bila hata kugusa ile ya awali.

Mwisho wake nao ni wa kijanja. Ndani ya kinu kuna kitu kinachotimiza matakwa, lakini hukiombi kwa mdomo. Kinasoma ulivyocheza. Ukifika umejaza pesa mfukoni, unaona sarafu za dhahabu zikinyesha kutoka juu, kumbe ni dari linakuporomokea.

Sehemu ya pili ilisimamishwa 2011, ikafufuliwa baadaye. Kisha ikaja 24 Februari 2022. Siku ya kwanza kabisa ya uvamizi, majeshi ya Urusi yaliteka Chernobyl, na wakati wakiwepo wakachimba mahandaki kwenye Msitu Mwekundu, udongo ambao kila mchezaji wa 2007 alijifunza kuupita mbio kifaa cha mnururisho kikilia masikioni. Sehemu ya timu ilihamia Prague. Wengine walibaki, wengine wakashika bunduki. Volodymyr Yezhov, aliyefanya kazi kwenye Clear Sky ya 2008, aliuawa karibu na Bakhmut Desemba 2022.

Novemba 2024 gemu ikatoka, jina likiandikwa Chornobyl, kwa tahajia ya Kiukraine. Nakala milioni moja ziliuzwa ndani ya siku mbili. Sauti za Kirusi hazimo. Kumbuka, Kirusi ndicho kilikuwa lugha ya vichekesho vile vya kando ya moto, na baadhi ya mashabiki waliolinda gemu hii miaka yote ya ukame wako Urusi. Siwezi kuwalaumu watengenezaji hata kidogo. Lakini wale wa Zhdalker walingoja gemu moja na hawa, na sasa wengine wao wako ng'ambo ya mstari wa vita.

Nimeicheza ile mpya. Mhusika bado anabeba bolti.