Seva moja ife, wengine wapone

Wadau, leo tupige historia kidogo. Mwaka 1984 kampuni ya Sun ya Marekani ilitengeneza NFS, kompyuta moja ikaweza kutumia diski ya nyingine kupitia mtandao. Safi, ila balaa likawa hili: diski zote ziliunganishwa tangu mashine inawashwa, hivyo seva moja ikizima, na zingine zinaganda! Mwaka 1988 SunOS 4.0 ikaja na automounter. Hii inajikalia kimya. Ukigusa folda ndo inaunganisha, ukiiacha muda inakata. Desemba 1989 Jan-Simon Pendry wa Imperial College, London, akatoa amd, ambayo haigandi kwa kusubiri seva iliyokufa, inaendelea kuwahudumia wengine. Msiba wa mmoja ukaacha kuwa wa wote.