RAM na diski: kwa nini umeme ukikatika kazi inapotea

Wadau, mimi si fundi kompyuta, ila hili nimelielewa baada ya kupoteza kurasa 12 za ripoti umeme ulipokatika.

RAM ni kama meza: unachofungua kinawekwa hapo, ni ya haraka, lakini umeme ukienda kila kitu kinafutika. Diski ni kama kabati: iko taratibu zaidi, ila inatunza hata mashine ikizimwa. Ukibonyeza Ctrl na S ndipo kazi ya mezani inaandikwa kabatini.

Kwa hiyo ukiambiwa diski imejaa, kuongeza RAM hakusaidii kitu, usije ukauziwa bure. Sevu kila dakika 5, na nakala nyingine weka kwenye flashi. Mwenye la kuongeza, karibu.